Mapafu Yangu na Mlima Balili

Jamani, mgeni rasmi alitupotezea nusu siku nzima! Mwaka ule wa tisini na tatu tuliambiwa saa moja asubuhi tuwe chini ya Mlima Balili, pale Bunda, tukawa. Saa sita jua linawaka, yeye hajafika, na kamati ya matembezi ya hisani inasema hakuna kuinua mguu mpaka aje afungue. Kwani mlima una kufuli?

Nilikuwa nimetoka Musoma na raba zangu za mtumba. Miezi minane nilimeza vidonge vya kifua kikuu na kuchomwa sindano, miezi miwili ya kwanza nikiwa nimelazwa wodini, nikijifunika kanga kwa sababu blanketi hakuna. Sasa wenye maduka waliahidi kuipa wodi ile blanketi moja kwa kila atakayefika kileleni. Nikasema langu halikosi.

Lakini nisidanganye, sikwenda kwa ajili ya blanketi tu. Mwanangu Tabu alikuwa Makoko, hukohuko Musoma, kwa mama mkwe wangu, Bi Mwanaamina, tangu nilipougua. Nilimpelekea cheti cha daktari kwamba nimepona, akakirudisha.

"Karatasi haina mapafu," akasema. "Panda Balili nikuone. Ukishuka hukohoi, mtoto utamchukua."

Hata chai kwake alininyweshaga kwenye kopo la peke yangu. Roho iliniuma! Siku hiyo ya kupanda alikuja na mwavuli wake, akakaa kunikagua kama mbuzi wa mnadani.

Saa saba kasoro mgeni rasmi akafika, akahutubia, kisha akaonyesha jiwe la kwanza. "Jua kali, ndugu zangu. Tufike pale, tupige picha, tukale. Hiyo ni ishara tosha."

Watu wakapiga makofi! Pilau ilikuwa inanukia.

"Ishara haimfuniki mgonjwa!" nikapaza sauti.

Mzee Machage, mwenyekiti wa kamati, akanishika mkono. "Dada, wewe mgonjwa, kaa kivulini."

"Mgonjwa nani?" Nikajinasua, nikapanda.

Nilipanda kwa hasira. Mawe yanateleza, kifua kinabana. Nasimama, nanywa maji, naendelea. Mara nikasikia mtu anahema nyuma yangu. Kugeuka, mama mkwe, na kandambili zake!

"Ukikohoa huko nyuma ya mawe," akasema, "mimi nitajuaje?"

Kileleni tulifika wawili tu. Ziwa lilikuwa linang'aa kule mbali, sikuwa na muda nalo. Mimi sikukohoa. Aliyekohoa ni yeye, vumbi limemkaba mpaka machozi yanamtoka. Nikampa chupa yangu, ileile niliyoinywea njia nzima. Akainyakua, akapiga mafunda mpaka nusu. Ndipo akakumbuka. Akaitazama chupa, akanitazama mimi.

Nikangoja ateme. Hakutema. Akafuta mdomo kwa pindo la kanga.

"Mtoto njoo umchukue Jumamosi."

"Leo."

"Siwema, mpaka tufike Makoko giza limeingia."

"Miezi minane, mama! Tangu nitoke wodini nakuja kumwangalia mwanangu dirishani! Leo. Na blanketi hizo mbili nitazifuata dukani mwenyewe, wasije wakasema hawakutuona."

Akainua chupa, akanywa tena, taratibu safari hii, halafu akanirudishia.

"Haya, leo," akasema. "Nishike mkono tushuke, gari lisituache."