Ebitinge vya Kwamboka

Onsongo mfua chuma alifika kwa Manasseh asubuhi, umande ungali juu ya majani ya wimbi, akiwa na nyundo na patasi ndani ya mfuko wa ngozi. Alipewa uji, akaunywa bila haraka. Kisha akamwambia Kwamboka aketi juu ya kinu kilicholazwa na aweke mguu wa kulia kwenye gogo.

"Ni mimi niliyekuvisha ebitinge hivi," alisema. "Ulilia sana siku ile."

"Sikulia."

"Ulilia. Mong'ina, huyu hakulia?"

Mong'ina, ndivyo kila mtu alivyomwita mama yake Manasseh, alikuwa mlangoni akipepeta wimbi. "Alilia mpaka mbuzi wakaitikia," alisema.

Kwamboka alicheka, na Onsongo akapiga patasi wakati bado anacheka, ili asipate nafasi ya kuogopa.

Ebitinge ni pete za chuma ambazo mwanamke wa Kigusii alivishwa vifundoni akishaolewa kwa ng'ombe na kwa sherehe. Alipotembea vililia, na mtu aliyekuwa ndani ya nyumba alijua mke wa nani anapita. Havikuvuliwa. Hata mume akifa, mwanamke alibaki navyo, na alibaki mke wa mume huyo. Lakini misheni ya ng'ambo ya mto ilikuwa imesema hakuna atakayeingia majini kubatizwa akiwa na chuma cha kipagani miguuni. Manasseh, aliyekuwa amebatizwa mwaka uliotangulia, alimwambia mke wake mbele ya mama yake, wakiwa wanaota moto, "Vikate, ubatizwe, kisha mimi na wewe tufunge ndoa kanisani." Kwa maneno hayo Kwamboka alikubali.

Pete zilipokwisha kukatwa, miguu yake ilibaki na alama nyeupe kama ngozi ya mtoto mchanga. Aliposimama alikaribia kuanguka, kwa sababu miguu ilikuwa myepesi mno. Onsongo alitaka kuchukua chuma akafulie jembe. Mong'ina akamnyang'anya, akavitundika ebitinge kwenye kigingi nyuma ya mlango.

Kwamboka alibatizwa wiki ile ile, akapewa jina la Persis. Asubuhi iliyofuata, ebitinge vilishuka kwenye kigingi, vikatoka nje, vikashika njia ya chemchemi. Vilikwenda kimo cha vifundo vya mtu, mguu baada ya mguu, vikilia kama siku zote. Persis alichukua mtungi, akavifuata. Wanawake waliokuwa chemchemini walisogea kwanza kuvipisha ebitinge, kisha wakampisha yeye.

"Leo umetanguliwa," mmoja alimwambia.

"Miguu yangu imezeeka," Persis alijibu. "Vyenyewe bado vijana."

Manasseh alikuwa na mke wa pili, Orpah, aliyemchukua baada ya mtoto wa Kwamboka kufa. Mtoto huyo, Onyancha, alikufa kwa surua akiwa ndio kwanza ameanza kuchunga ndama, na Kwamboka hakupata mwingine. Orpah alikuwa amesoma kidogo misheni, hakuvaa ebitinge, na alikuwa na watoto. Basi Mwalimu Ongeri wa kanisa alimwambia Manasseh kwamba wanataka kumfanya mzee wa kanisa, lakini mzee wa kanisa ana mke mmoja. Achague mmoja, aje naye.

Manasseh alimwita Persis upande wa kushoto wa nyumba, mahali wanawake wa boma walipozikwa. Onyancha pia alilala pale, karibu na ukuta.

"Mwalimu amesema mmoja," alisema. "Orpah ana watoto."

"Mimi pia nina mtoto," Persis alisema, akitazama pale chini.

Manasseh alitazama zizini.

"Ungeniambia kabla ya patasi," Persis alisema.

Manasseh alikwenda kumfunga ndama ambaye tayari alikuwa amefungwa.

Kanisani ilielezwa kwamba hakuna mke aliyeachwa, kwa sababu ndoa ni ile iliyofungwa kanisani, na Persis hakuwahi kufunga ndoa kanisani. Wazee wa mlango, yaani wa ukoo wake Manasseh, walioulizwa kwa desturi, walisema mwanamke asiye na ebitinge hawamjui ni wa nani. Manasseh alifunga ndoa na Orpah mwezi wa mavuno. Wageni walikula wali, na ebitinge vilipita katikati yao vikienda chemchemini. Wageni waliinua miguu, vikapita.

Persis alikwenda Ekerenyo kwa kaka yake Mogaka. Mogaka alimpokea vizuri, akamwekea kiti, kisha akamwonyesha mke wake aliyekuwa akimenya ndizi nje.

"Dada, unamwona yule? Ng'ombe wa mahari yako ndio waliomleta. Ukirudi hapa, Manasseh atadai ng'ombe wake. Nitawatoa wapi? Nimvute mke wangu kwa kamba nimpeleke?"

"Hajadai."

"Hajadai kwa sababu hujarudi."

Ilikuwa kweli kwamba Manasseh hakuwahi kudai ng'ombe wale. Kuwadai kungekuwa kukiri kwamba ilikuwapo ndoa, na Mwalimu Ongeri alikwisha kusema haikuwapo. Kwa hiyo ng'ombe walibaki walikokuwa, na Persis hakuwa na pa kukaa. Alilala kwa Mogaka, asubuhi akala viazi, akaondoka kwenda mjini, mji wa Kisii ambao watu waliuita Bosongo, mahali pa wazungu.

Pale mjini alipata kazi kwa Kaltuma, mke wa Osman mwenye duka la chumvi na mashuka. Baba yake Kaltuma alikuwa Msomali aliyekuja na mifugo akabaki na duka. Mama yake alikuwa Mgusii wa Kiogoro. Kaltuma aliuza chai na mandazi mbele ya duka, na alimpa Persis chumba cha nyuma.

Shida ilikuwa moja. Miguu ya Persis haikutoa sauti yoyote, na hata kwenye vumbi la kiangazi haikuacha alama. Alitokea tu nyuma ya mtu.

"Wewe Persis, kohoa basi kabla ya kuingia!" Kaltuma alimwambia. "Siku moja utanimwagisha mafuta haya, na mume wangu aseme nimeungua kwa uzembe."

Kuanzia hapo Persis alikohoa kila mlangoni. Wateja walizoea. Osman, akisikia kikohozi, alisema, "Karibu, mama," bila kuinua macho.

Jambo la pili lilikuja polepole. Mambo ya nyumbani yalimtoka. Alisahau njia ya chemchemi inapinda wapi, kisha akasahau rangi ya ng'ombe wake, kisha sura ya Mong'ina. Hakuugua, na kazi aliifanya sawasawa. Asubuhi moja aliweka unga chini, akamuuliza Kaltuma, "Mimi niliwahi kuwa na mtoto?"

"Uliniambia ulikuwa naye."

"Aliitwa nani?"

"Jina hukuniambia."

Kaltuma alipangusa mikono, akafunga biashara siku hiyo, akamsindikiza hadi kwa Manasseh.

Walikuta watu wamekaa nje, Manasseh, Mong'ina, Orpah na Mwalimu Ongeri aliyekuja kwa mambo ya kanisa. Orpah alileta maziwa. Ebitinge vilisikika vikipanda kutoka bondeni, na Orpah akaondoa kikapu chake njiani. "Dada, pita," alisema. Alisema hivyo kila siku asubuhi na jioni, kwa sauti ile ile aliyoitumia kuwaambia watoto wanawe mikono.

Lakini ebitinge havikupita. Viligeuka vikamwendea Persis, aliyekuwa ameketi juu ya kile kinu kilicholazwa, vikasimama miguuni pake, vikaizunguka miguu yake vikiwa wazi pale patasi ilipopita.

"Onyancha," Persis alisema mara moja. "Alipenda ndizi mbivu. Alizimenya kuanzia chini, nikamwambia si hivyo, akasema kwake ndiyo hivyo. Ng'ombe wangu walikuwa na fahali mweusi mwenye pembe iliyovunjika. Mong'ina, nililia kweli siku ile. Nilisema uongo."

"Najua, mwanangu," Mong'ina alisema. Akamgeukia mwanawe. "Tafuta mfua chuma avifunge."

Onsongo alikuwa amekwisha kufariki, na vijana wake hawakufua tena, kwa sababu majembe yalinunuliwa kwa Wahindi. Manasseh alisema hivyo. Kisha akasema kwamba hata angekuwapo, katika boma la mzee wa kanisa havifungwi.

"Mtu ni roho, Mama," Mwalimu Ongeri alieleza kwa upole. "Roho yake ilibatizwa, na ni Persis. Vile ni chuma tu."

"Chuma kinajuaje njia ya chemchemi?"

"Ni mazoea. Hata punda huijua njia."

"Na wewe ni nini kama si mazoea?" Mong'ina alisema. "Nilikujua hujavaa kaptula, unaiba viazi vyangu. Leo wewe ni mwalimu kwa sababu kila asubuhi unaamka ukijizoeza."

Kaltuma alicheka, akajifunika mdomo kwa mtandio. Mwalimu Ongeri naye alicheka kidogo, kwa sababu viazi vile aliviiba kweli, lakini hakubadilisha neno lake.

Persis alizungumza na Manasseh kama mtu aliye mbali na hayo mabishano. "Sitaki nyumba. Sitaki shamba. Orpah akae alipokaa. Nikifa tu, nizike upande ule wa kushoto, karibu na mtoto. Niambie ndiyo nikiwa bado nimekaa hapa, ili nisikie."

Manasseh alitazama ule upande. "Tutaona," alisema.

Persis aliposimama, ebitinge vilibaki vimezunguka mahali pasipo na miguu, kisha vikaendelea na safari yao hadi nyuma ya nyumba. Persis alivitazama kama mtu anayetazama vitu vya jirani.

"Rudi uketi," Mong'ina alisema.

"Jua linakwenda," Manasseh alisema, "na Bosongo ni mbali."

Njiani Persis aliuliza tena mtoto aliitwa nani, na sasa Kaltuma alilijua jina. Tangu siku hiyo, kila asubuhi alipompa andazi la kwanza, alimwambia, "Onyancha."

"Asante," Persis alisema, akala.

Vita Vikuu vya Pili viliisha, wanaume waliokwenda Burma wakarudi, wengine hawakurudi. Duka la Osman liliezekwa mabati mapya. Persis aliugua mapafu msimu wa mvua nyingi. Hospitali walimpa dawa wakamrudisha, akafa kwenye chumba cha nyuma mchana, wakati Kaltuma amekwenda kusaga unga. Hakukohoa, kwa hiyo hakuna aliyejua alipotoka.

Shehe wa msikiti alisema kwa huzuni kwamba marehemu hakuwa Mwislamu, kwa hiyo hawezi kuzikwa kwao. Osman alikodi lori la kubeba ndizi, na Kaltuma akakaa nyuma karibu na mwili uliovingirishwa shuka jipya la dukani. Barabara ya kuingia kwa Manasseh ilikuwa tope, wakashuka, watu wakasaidia kubeba.

Manasseh aliwapokea akiwa amevaa koti. Alikuwa amezeeka. Alivua kofia mbele ya mwili, na macho yake yalikuwa na machozi. Alikuwa amezungumza na Mwalimu Ongeri na pia na wazee wa mlango, na safari hii pia walikubaliana.

"Kwa kanisa," alisema, "Persis hakuwa na mume hapa. Siwezi kuzika mke ambaye sikuwa naye."

"Basi mzike kwa desturi," Kaltuma alisema. "Mzike kama Kwamboka. Ng'ombe wako hujawadai mpaka leo, shemeji. Wako Ekerenyo wanazaa."

"Kwamboka yuko hapa," Manasseh alisema. "Kila mtu anamsikia. Ameamka leo, amekwenda chemchemini. Wazee wanasema aliye hai hachimbiwi kaburi bomani mwake."

Wakati huo huo ebitinge vilikuwa vikipanda kutoka bondeni. Vilipita kando ya mwili bila kusimama, kama watu wawili wasiofahamiana wanavyopishana sokoni. Mong'ina alilia. Alikuwa kipofu sasa, na alipapasa mpaka akaipata miguu ya marehemu, akaishika vifundoni, pale penye alama.

"Huyu ni nani, basi?" aliuliza. "Nani huyu ninayemshika?"

Orpah alimwinua.

Walimzika kwenye ardhi ya serikali chini ya mji, walikozikwa wafungwa na watu wasio na wenyewe. Osman aliweka jiwe. Kaltuma alikwenda pale baadhi ya asubuhi kabla ya kuwasha moto, na alipokaribia alikohoa kwanza, kisha akalitaja lile jina, akarudi kukanda unga.

Kwa Manasseh, ebitinge viliendelea. Mong'ina alipokufa alizikwa upande wa kushoto, na waliochimba waliacha nafasi kati yake na Onyancha bila kuambizana. Nafasi hiyo ipo mpaka sasa, na nyasi haioti hapo, kwa sababu kila jioni ebitinge husimama juu yake. Manasseh alikuwa akisali sala ya jioni na watoto wake saa hiyo. Vilipopita kando ya ukuta alinyamaza katikati ya neno, mkono wake juu ya Biblia. Orpah aliwavuta watoto waliokaa mlangoni.

"Mpisheni mama," alisema.

Watoto walikunja miguu. Vikapita, na Manasseh akaendelea na sala pale alipoachia.