Tuta Alilolihakiki Bwana Pruett

Verna Lindquist alikuwa na mkono mtulivu, lakini moyo wake haukutulia hata kidogo. Kwa miaka mitatu kazi yake ilikuwa moja tu: kuuchora Mwezi. Katika ofisi ya ramani, juu ya kilima cha mji wa Flagstaff, Marekani, mwaka ule wa 1963, alikuwa akipuliza wino kwa brashi ya upepo, taratibu, mpaka mashimo yakadidimia kwenye karatasi na matuta ya tambarare za lava yakainuka kama mishipa ya mkono wa mkulima.

Kila alichokichora alikwenda kwanza kukiona kwa darubini. Aliyepaswa kuihakiki kazi yake ni bosi wake, Harlan Pruett, naye ngazi za darubini alikuwa hazipandi. Mara goti, mara baridi. Lakini sahihi yake ilikuwa chini ya kila ramani: *Nimehakiki kwa macho yangu.*

"Umeliona hili shimo, bosi?" Verna alimuuliza siku moja.

"Nimeliona Jumanne."

"Jumanne theluji ilianguka kutwa kucha."

"Basi ni kabla ya theluji. Mbona unanihoji kama mama mkwe?"

Jioni ile Verna alichukua karatasi ya tambarare ya kusini, mahali palipokuwa laini kama sahani, akachora tuta. Likashuka wima kama paji la uso, likatokeza kwa ghafla na kwa urefu, likarudi ndani, kisha likamalizia kwa videvu viwili. Juu kidogo akaweka kishimo kimoja, mahali pa jicho. Opal, aliyekaa meza ya pili, aliinamisha kichwa kutazama, akaziba mdomo.

"Verna, wewe! Utafukuzwa."

"Akihakiki, atalikuta halipo, atanifukuza kwa haki."

Pruett alilitazama asubuhi yake akitafuna donati. "Zuri sana," akasema. "Hili nalikumbuka vizuri." Akatia sahihi.

Wakacheka wiki nzima. Kisha wakaja wageni wawili kutoka Houston, wahandisi waliokuwa wakitafuta pa kushusha chombo Mwezini. Pruett akawatandazia ramani, akaweka kidole juu ya tuta lile lile. "Hili si la kila mtu," akajigamba. "Linataka jicho lililozoea."

"Tunaweza kuliona?" akauliza mkubwa wao, Dale Wickham. "Leo Mwezi ni nusu. Si ndipo jua linachomoza huko na vivuli vinarefuka?"

Hapo goti halikusaidia. Jua lilipotua wote wakapanda, Pruett mbele, akihema kama punda wa mlima. Akabana jicho kwenye darubini. Verna alisubiri, roho juu kwa furaha.

"Lile pale!" Pruett akasema. "Limelala kama nyoka."

Wickham akainama, akakaa sana. Hakutaka kuonekana ana jicho lisilozoea. "Naam... naona kivuli chake." Mwenzake naye akaliona, tena akaliona kwa haraka. Mwisho akainama Opal, aliyejua kila kitu, akamnong'oneza Verna, "Mama yangu, hata mimi naliona kidogo."

Verna akatazama mwenyewe. Hapakuwa na kitu.

"Basi hapo hapatufai," Wickham alikuwa akisema. "Chombo tukipeleke mashariki zaidi, kwenye mashimo mashimo yale. Afadhali kuliko tuta."

Verna akageuka kutoka kwenye darubini. Huko mashariki alikuwa amekuchora yeye, na alijua mashimo yale yangekipindua chombo.

"Hilo tuta halipo," akasema. "Nimelibuni."

"Usitutanie, Verna," Pruett akasema. "Nimeliona sasa hivi."

"Umeliona kwa sababu nimelichora!"

"Dada, sisi ni watatu," Wickham akaingilia kwa upole. "Wewe ni mmoja."

Hivyo ndivyo mtu anavyohangaika kuua uongo alioulea mwenyewe. Verna akawashusha wote ofisini. "Bosi, tafadhali simama ubavu, hapo ukutani." Pruett akasimama, bila kuelewa. Verna akainua ramani kando ya uso wake.

Opal ndiye aliyeshindwa kuzuia kicheko kwanza. Wickham akafuata, akaangukia kiti. Pruett akageuka, akaitazama ramani, akajigusa pua, akajigusa na kidevu, cha kwanza na cha pili. Akawa mwekundu mpaka upaani.

Hakumfukuza. Angemfukuzaje, na sahihi ni yake? Alichukua kifutio cha umeme akalifuta tuta kwa mkono wake, akatoboa karatasi, na Verna akairudia ramani yote kwa wiki tatu bila kunung'unika.

Toka hapo Pruett akawa hakai chini. Kila Mwezi ulipotoka alikuwa darubinini, amevaa koti la mkewe la sufi kwa sababu lake lilikuwa halibani shingo. Akawa kero. Akabishia kila kivuli.

Mwezi wa Aprili alimwekea Verna mezani kikaratasi chenye mchoro kama wa mnyoo. "Umeruka tuta hapa."

"Hapana tuta hapo, bosi. Nimepatazama mara kumi."

"Nenda mara ya kumi na moja."

Akaenda. Akangoja jua la Mwezi liguse ukingo wa tambarare, na katika saa chache zile likajitokeza: jembamba, limepinda, halisi. Lingezama tena jua likipanda kidogo.

"Lipo?" Pruett akaita kutoka chini.

Verna alifikiria kusema uongo.

"Lipo."

"Sikusikii!"

"Lipo, bosi! Lipo!"