Nel Yuko Chini ya Mzizi

Leo nimempata! Ndivyo nilivyojisemea nilipomwona Dilwyn Matairi akiteremka kilima mbio, matope mpaka kiunoni, na konstebo Iolo nyuma yake akimpigia kelele asimame. Huyu Dilwyn ana karakana ya matairi pale kijijini, na bonde zima linajua anachofanya Jumapili wenzake wakiwa kanisani. Anafukua mashimo ya melesi, wale ndugu wa nyegere wenye uso wa mistari, na kuwaingiza mbwa wapigane nao humo humo ardhini. Sheria inakataza hata kuligusa shimo lao. Lakini mimi ni mkaguzi wa ukatili kwa wanyama, kazi yangu inataka ushahidi, na Dilwyn alikuwa ameniponyoka mara nyingi hadi akawa ananisalimia dukani kwa kicheko.

Kabla Iolo hajamfikia, Dilwyn alitupa kitu mtoni, kikazama. Mimi niliruka seng'enge, suruali ikachanika, wala sikujali.

"Habari za asubuhi, Eluned," alisema akihema, pingu mikononi. "Siku hizi mtu akitembea anakamatwa?"

"Unatembea ukiwa na matope yote hayo?"

"Nimeteleza. We hujawahi kuteleza?"

"Mbwa wako yuko wapi?"

"Mbwa gani? Mimi nafuga matairi."

Tulimpandisha hadi kwenye shimo. Wenzake walishatokomea, wameacha makoleo. Mama aliyetupigia simu kuripoti wachimbaji alikuwa ameona migongo yao tu, si sura. Nilianza kuhisi kesi inaniponyoka tena, na nilitamani kumzaba kibao.

Hapo ndipo nikasikia mbwa akilia, chini kabisa ardhini. Nikaelewa alichotupa mtoni: kile kisanduku kinachonasa mawimbi ya kola ya mbwa na kuonyesha alipo. Bila hicho tungechimba kilima kizima.

Hata sisi haturuhusiwi kuchimba shimo la melesi bila kibali, kwa hiyo nilipiga simu nikabembeleza hadi nikapewa. Nikalaza sikio kwenye nyasi, nikachagua mahali, nikachimba kama mwendawazimu.

"Taratibu," Dilwyn alisema.

Sikumjali.

"Eluned, taratibu basi!"

"Wewe si unatembea tu? Endelea kutembea."

Nikachimba tena. Ardhi ikatitia chini ya mguu wangu, na kilio kikakatika.

"Si hapo, mjinga wewe!" Dilwyn alipiga ukelele hadi kunguru wakaruka mitini. "Unamfukia! Yuko chini ya mzizi ule, kushoto, nilishampima kwa kisanduku kabla hamjaja! Nel! Nel mama, tulia, nakuja!"

Iolo aliinamia kamera yake ya kifuani. Taa ilikuwa inawaka; kila neno la Dilwyn limerekodiwa. Niliruka kwa furaha, niliruka kweli kweli, mtu mzima mimi. Halafu nikamwambia Iolo amfungue Dilwyn pingu.

"Akikimbia je?"

"Nikimbilie wapi, jamani?" Dilwyn alifoka. "Lete koleo!"

Alichimba kwa ustadi, mwishoni kwa mikono mitupu, akimwita. Nel akatoka, donge la matope, nusu ya uso haina ngozi. Alikuwa hai! Mimi na Iolo tulikumbatiana tukipiga mayowe. Nilipomfuta uso nikaona makovu ya zamani, yameshonwa nyumbani kwa uzi wa kuvulia samaki, na furaha yote ikageuka hasira.

Nel akajikokota hadi kwa Dilwyn, akamlamba vidole.

"Nitarudishiwa?" Dilwyn aliniuliza.

"Hapana. Wala huyu, wala mwingine yeyote."

"Najua," alisema. "Nilijua nilipofungua mdomo."

Nilimchukia mtu yule, na bado namchukia. Ila nilipomtoa Nel mikononi mwake na kumfunika koti langu, nilishindwa kumtazama usoni.

"Anaogopa gari," aliniambia. "Mwimbie."

"Nimwimbie nini?"

"Wimbo wowote wa kanisani. Hachagui."

Nikaimba njia nzima hadi kwa daktari wa mifugo, kwa sauti yangu yote, kwa shangwe ya mtu aliyeshinda. Nel hakunitazama hata mara moja. Alikuwa ameinua kile kichwa chake kilichochanika, akilitazama gari la polisi lililombeba Dilwyn nyuma yetu.