Bwana Tillott Riwayani

Dada yangu Lavinia aliandika riwaya iliyotoka gazetini sura kwa sura kila mwezi, nami nilizinakili kurasa zake kwa mwandiko safi kabla hazijaenda kwa mchapaji. Kwa hiyo mimi ndiye wa kwanza kumtambua Ambrose Tillott humo.

Tillott alimchumbia dada miaka minne, akamwacha wiki tatu kabla ya harusi, akamwoa mjane wa tajiri wa bia. Hilo dada alilimeza. Lakini Tillott alipoandika katika gazeti jingine kwamba mwanamke asiyeolewa akisimulia mapenzi ni kipofu anayesifu rangi, dada alilikunja gazeti lile.

"Niletee wino, Phoebe."

Akamtia riwayani kwa jina la Bwana Crimp: nywele za kupaka rangi, na kile kikohozi chake kabla ya kila uongo. Kufikia Aprili, London nzima ilikuwa inamcheka. Klabuni watu walimsalimu kwa kukohoa.

Tillott akaja kwetu, mtaani Clapham, kofia mkononi. "Lavinia, nionee huruma. Natembea kama mwizi!"

"Kunywa chai, Ambrose. Mwezi ujao unaanguka kutoka kwenye farasi."

Wiki iliyofuata akaja mkewe, peke yake. Nikajua leo tutatukanwa.

"Wewe ndiye uliyemwandika mume wangu?"

"Ni mimi."

"Basi umempendelea." Akavua glavu. Kidole kimoja kilikuwa kimepinda. "Alikibana mlangoni, makusudi, kwa sababu supu ilipoa. Kisha akakohoa, akamwambia daktari nimeanguka."

Dada akavuta kalamu.

"Nikiandika haya, bibi, watajua ni wewe."

"Wajue. Andika na mlango wenyewe, wa mwaloni."

Dada alitupa motoni sura ya farasi, akaandika ya mlango. Ilipotoka, hakuna aliyecheka. Klabu ilimfuta Tillott uanachama, na marafiki wakimwona walivuka barabara. Mkewe aliondoka mchana kweupe na masanduku yake, akaenda kwa kaka yake Norwich. Tillott alikimbilia Ufaransa.

Nilimwuliza dada kama sasa moyo umetulia.

"Kumwangusha kumenifurahisha, sitakudanganya," alisema. "Lakini miaka minne nilikaa naye meza moja, mdogo wangu, nikamwona mpole. Na mimi ndiye ninayejidai kujua mioyo ya watu."