Merle, Mfanyakazi Bora wa Julai

Kazi ya kambi ya watalii huku Idaho ni ya mke na mume. Ukija peke yako utaambiwa nafasi zimejaa, hata kama unaona kwa macho yako kumi zilizo tupu. Mmoja hukaa ofisini kupokea wageni, mwenzake husafisha vyoo na kuzoa majivu ya mioto yao. Kwa hayo mnapata mshahara mdogo na mahali pa kuegesha gari mnamoishi, penye umeme, maji na bomba la maji machafu. Mimi na mke wangu Vonda tumeishi hivyo miaka tisa, majira ya joto huku kaskazini, baridi kule jangwani Arizona. Nyumba tuliiuza. Anayetuhurumia namwambia akaihurumie yake, maana haina magurudumu.

Arlene Tibbets alifika mwezi wa Mei, akiliendesha mwenyewe gari lao la futi thelathini. Yeye na mumewe Merle tulifahamiana nao tangu zamani, kwa hiyo Vonda akachungulia ndani na kuuliza, "Mzee yuko wapi? Bado amelala?"

"Alifariki Machi, kule Quartzsite, Arizona," Arlene akasema. "Mkataba wa hapa tulitia saini Januari, wote wawili. Naombeni mninyamazie."

Tukanyamaza. Tungefanya nini? Giaboksi ya gari lake ilikuwa mbovu. Lilifika kwa kudra za Mungu tu, na milima ya kurudi kusini lisingeipanda. Akifukuzwa pale, yeye na miaka yake sitini na minane angeishia kando ya barabara, theluji imefika madirishani. Na meneja wetu, Lowell Rudd, alikuwa mtu wa masharti. Wanandoa, wanandoa, hakuna mjadala. Yeye mwenyewe alikuwa ameachwa na wake watatu.

Basi Arlene akawa watu wawili. Saa kumi alfajiri alivaa ovaroli na kofia ya Merle, akasugua vyoo kumi na vinne. Saa mbili alikuwa ofisini, rangi ya mdomo imekaa sawasawa, akiwakaribisha wageni. Rudd akimuulizia Merle, jibu lilikuwa lile lile: "Huamka mapema, hulala mapema, na hapendi watu." Hilo la mwisho lilikuwa kweli hata enzi za uhai wake.

Tatizo ni kwamba Merle alifanya kazi vizuri mno. Merle wa kweli, Mungu amrehemu, alikuwa mvivu wa kutupwa. Alihamisha kiti chake kufuata kivuli kutwa nzima na jioni akalalamika kwamba mgongo unamuuma. Lakini huyu wa alfajiri aling'arisha masinki mpaka wageni wakaanza kumwachia mikate ya tufaha mlangoni. Mgeni mmoja kutoka mji wa Boise aliapa kwamba Merle ndiye aliyemfundisha kuvua samaki, na kwamba alikuwa mkali kidogo lakini mwalimu mzuri. Mwezi wa Julai Rudd akamtangaza kuwa mfanyakazi bora. Jina lake likabandikwa ofisini, ukutani, juu ya kichwa cha Arlene.

Agosti nilimkuta Rudd amesimama nje ya gari la Arlene, akizungumza na dirisha lenye pazia. Alikuwa akilisimulia habari za mke wa tatu, na alichukua kama nusu saa. Alipomaliza akanijia macho yakimeta.

"Orrin, yule mzee ni hazina. Anajua kusikiliza! Hakunikatiza hata mara moja."

"Siku hizi hamkatizi mtu," nikasema.

Vonda alipopata habari alicheka mpaka akakaa chini. Arlene hakucheka. Macho yalikuwa yamemwingia ndani. Alisinzia juu ya daftari la wageni, na mara mbili alizipa familia mbili nafasi moja, zikagombana mpaka watoto wakaamulia. Septemba, wageni walipopungua, Rudd akamwita. Mimi nilikuwa napanga mifuko ya barafu kwenye friza la ofisini, kwa hiyo nilisikia yote.

"Mama Tibbets, nitasema wazi. Unasinzia, unachanganya watu. Mwisho wa mwezi tunaagana."

"Na Merle?"

"Merle anabaki kulinda kambi mpaka Aprili. Umeme bure. Mtu kama yule nitampata wapi tena?"

"Si ulisema kazi ni ya mke na mume?"

"Kwa Merle nitalegeza masharti."

Arlene akatoka, mimi nikaenda kumwita Vonda. Tulimkuta garini mwake akirusha sufuria.

"Miaka arobaini na mmoja!" akapiga kelele. "Miaka arobaini na mmoja nafanya kazi mimi, sifa anachukua yeye! Nikadhani kufa kutamtia adabu!"

Vonda, ambaye ana akili kuliko mimi na halisahau hilo, akamshika mabega. "Sikiliza, shoga. Wewe ondoka. Tutakufanyia sherehe ya kuagana, tutalia kidogo, kisha unarudi kimyakimya na kubaki Merle mpaka Aprili. Nani atajua?"

Hila ilikuwa nzuri, sikuona kasoro. Arlene alikaa akikunja ovaroli na kuikunjua.

"Siwezi," akasema mwishowe. "Tangu Machi sijamlilia, Vonda. Kila nikitaka kulia nakumbuka saa kumi anatakiwa kazini."

Akaenda ofisini hivyo hivyo, na sisi nyuma yake.

"Bwana Rudd, Merle amefariki."

Rudd akashika meza. "Lini?"

"Asubuhi." Na kweli alikufa asubuhi.

"Mungu wangu! Tutamzika lini?"

"Ameshachomwa."

"Leo hii?"

"Merle hakupenda kuchelewesha mambo."

"Ndivyo alivyokuwa," Rudd akasema, na machozi yakamtoka.

Jumapili tukakusanyika kando ya mto, watu sitini. Yule wa Boise alikuja na fimbo yake ya kuvulia. Rudd alihutubia kwa dakika ishirini juu ya rafiki yake wa pekee. Arlene, kopo la majivu ya mumewe kifuani, alilia kilio ambacho sijawahi kukisikia, cha miezi sita kwa mkupuo mmoja. Mimi niliyekwenda nikijikaza nisicheke nililia pia, na naona haya kusema nililia Rudd alipofika kwenye habari za masinki.

Watu walipotawanyika, Rudd akauliza nani sasa atalinda kambi.

"Mimi," Arlene akasema. "Merle alikufa Machi, Bwana Rudd. Vyoo vyote tangu Mei nimesafisha mimi, peke yangu."

Rudd akamtazama kwa huruma nyingi, akamwekea mkono begani.

"Majonzi yana mambo, mama. Hata mama yangu alianza kuchanganyikiwa hivi hivi." Akafikiri kidogo. "Haya, nitakujaribu wiki mbili, kwa nusu mshahara. Ila usitegemee kumfikia Merle."

Arlene akapangusa pua, akasema ahsante. Vonda ilibidi anishike mkono, maana nilikuwa nimeshakunja ngumi.