Maziwa ya Nyoka wa Kooni

Dulari wa nyumba ya pili anaapa kwamba aliuona mkia. Ati Sugiya alipopiga miayo pale kwenye pampu ya maji, mkia mweusi ulijikunja nyuma ya ulimi wake, ukarudi ndani.

"Yule nyoka aliyemuuma hakuondoka, jamani," Dulari huwaambia wanawake. "Madaktari wa mjini Patna walimtia bomba kooni, wakadhani wanampa pumzi. Kumbe wanamtengenezea mgeni njia."

Sugiya huyasikia yote. Tangu koo lake lianze kubana amekuwa mtu wa kusikia tu. Kusema kunamla pumzi.

Anachojua yeye ni kwamba nyoka alimuuma akiwa amelala sakafuni, mwili ukalegea mpaka kope, mashine ikampumulia. Sumu ikaisha. Lakini bomba lilipotolewa liliacha kidonda, kidonda kikawa kovu, na kovu likaanza kuziba njia ya hewa. Mara mbili daktari amemlaza, akachoma sindano ya dawa kwenye lile kovu lisikue upesi, kisha akaingiza puto dogo na kulijaza mpaka njia ikapanuka. Mara ya pili alimwita mumewe, akamwonyesha picha: tundu lenyewe lisingepitisha hata kalamu.

"Kovu hili ni bishi," daktari alisema. "Mkisikia pumzi yake inapiga mluzi tena, mleteni. Msingoje usikike hata akiwa amekaa."

Sasa unasikika akiwa amekaa.

Na leo ni Nag Panchami, sikukuu ya nyoka. Tangu asubuhi wanawake wamejipanga uani mbele ya Sugiya na vibakuli vya maziwa na bisi za mpunga, sadaka ya nyoka wa kooni mwake. Mama mkwe, mjane anayehesabiwa mkosi, ambaye hakuna aliyemtaka karibu na harusi yake, leo amekalia kitanda cha kamba na kuwaamrisha wake za watu.

"Taratibu! Weka hapo, mwanangu. Gusa miguu yake, pita."

"Mama, anipulizie tumboni kidogo tu," akaomba mmoja mwenye mimba.

"Na wewe nawe! Mwaka jana si ulivuka barabara uliponiona?"

"Jua lilinipiga machoni, Mama."

Wakacheka. Sugiya alitaka kumwambia yule mjamzito aende zake nyumbani, ukatoka mluzi mtupu. Mjamzito akafumba macho kwa furaha.

Hapo wazo likamjia. Kama wanamsikiliza nyoka, basi nyoka na aseme. Akangoja kelele zitulie, akavuta hewa kidogo kidogo, kama achotaye maji kwa kijiko.

"Nyoka... anataka... Patna. Leo."

Wanawake wakamgeukia. Wengine wakainamisha vichwa.

"Mmesikia?" Dulari akadakia. "Anakumbuka walivyomtesa kule! Maskini, koo limemkauka. Mpeni maziwa!"

Wakamwinua kidevu, wakammiminia. Maziwa yakakosea njia. Alikohoa mpaka midomo ikawa ya bluu, na wao wakaanza kuimba wimbo wa sikukuu, wakipiga makofi.

Katikati ya mabega yao alimwona mumewe mlangoni, mkono juu ya pikipiki, ileile iliyompeleka stesheni ya treni mara zote mbili. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeijua ile picha.

"Kesho," mama mkwe akamwambia mwanawe kabla hajafungua mdomo. "Siku ya leo nyoka hatolewi nyumbani."

Mke wa kwao hamtaji mumewe kwa jina. Tangu aolewe, Sugiya humwita "wewe, sikia". Akashika nguzo ya baraza, akainuka.

"Bechan."

Wanawake wakashika midomo. Wimbo ukakatika.

"Uliiona... picha. Nipeleke."

Bechan aliitazama pikipiki, kisha akamtazama mama yake, aliyekuwa tayari anapokea bakuli jingine. Uani kukabaki kusikika ule mluzi tu, na foleni ikasogea mbele.