Damu ya Mama Mkwe

Jumapili hiyo asubuhi Mzee Mogaka aliketi uani akipaka viatu rangi kama mtu anayekwenda kuposa. Madaktari wa kupima mafuta ya damu na mishipa ya moyo walikuwa wamepiga hema kijijini Birongo, naye hakutaka kuchelewa. Mkewe, Eucabeth, alikuwa anajitwika kikapu cha kuchumia majani chai.

"Moyo ni ugonjwa wa wanaume," mzee alishaamua. "Wewe una uchovu tu. Nenda shamba."

Jikoni, Nyanchera, mke wa mwana wao, aliyasikia hayo. Alikuwa amemwona mama mkwe akisimama kwenye mteremko, akihema, akijishika taya. Katika masomo ya afya aliyohudhuria jioni, walifundishwa kwamba moyo wa mwanamke mara nyingi hulalamika hivyo. Lakini angesemaje? Kwa Wakisii, mke wa mwana hataji mambo ya mwili mbele ya baba mkwe. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima iliyo kama ukuta kati yao. Mumewe, ambaye angemsemea, alikuwa kazini mbali na simu yake haishikiki.

Eucabeth akashika njia. Nyanchera akamkumbatia mwanawe, akasimama mlangoni, akamsemesha mtoto kwa sauti ya kufika barabarani:

"Kerubo wangu, ungekuwa na meno ungemwambia babu: mwanamke akiwa bado anaingia mwezini, mwili wake huikinga mishipa kiasi. Akikoma, kinga hupungua, mafuta mabaya hupanda kimyakimya. Na nyanya yako alishakoma."

Brashi ya viatu ilimponyoka mzee. Eucabeth aligeuka, leso mdomoni.

Mzee aliiokota brashi. "Kerubo," akasema, "mwambie mama yako nimesikia. Tena asirudie, nisije nikafa kwa aibu kabla ya huo moyo." Kisha akapaza sauti: "Eucabeth! Tua kikapu, twende!"

"Ngoja basi nipige kikombe kimoja."

"Mama, madaktari walisema msile kitu!" Nyanchera akamkimbilia.

"Kwani chai ni chakula?"

Walikwenda na njaa yao, Nyanchera na mtoto nyuma. Hemani, Daktari Kaltuma, binti wa wafanyabiashara wa Kisii mjini, alisoma majibu. Mafuta mazuri, yale yanayosafisha mishipa: mzee moja nukta moja, mama moja nukta moja.

"Droo!" Mogaka akapiga makofi.

"Si droo, mzee. Kwa mwanaume hiyo inapita. Kwa mwanamke iko chini, maana kipimo chake ni kingine. Na mafuta yake mabaya yamepanda." Akampitishia Eucabeth shingoni kifaa cha kuonyesha mishipa, akatazama skrini, akatabasamu. "Mishipa imeanza kushika utando, lakini haijaziba. Mama, tumewahi! Kwa dawa na chakula kizuri, huyu mjukuu utamwona akiolewa."

Eucabeth akapiga kigelegele hadi hema likatikisika. Nyanchera alilia na kucheka, mtoto akishangaa.

Mogaka hakuketi. Alitoka nje kwenye foleni ya wanaume, kofia mkononi. "Nyinyi! Aliyemwacha mkewe kwenye chai amfuate! Tumekuja kupimwa sisi, kumbe wanaoumia tumewaacha nyumbani!"

"Mzee, umelogwa?" mmoja akamtania.

"Nimeelimishwa! Nenda!"

Kufikia adhuhuri wanawake walikuwa wameteremka kutoka kila mlima, gambuti miguuni, foleni ikafika sokoni. Ikabidi Daktari Kaltuma apige simu Kisii aongezewe sindano za kutolea damu.